Kabla hujafunga hilo furushi la nguo kwa ajili ya mafuriko Kyela, pita humu kwanza

#1 Msafwa wa Uyole

Wakuu habari za masika. Huku Uyole, Mbeya, mvua haijakata toka juzi, tope kila mahali, ila sisi tuna nafuu. Tatizo liko Kyela, kule bondeni kando ya Ziwa Nyasa. Mnaijua jiografia ya kule, mvua ikipiga milima ya Rungwe na Livingstone maji yote yanateremkia sehemu moja, Kiwira inakuja, Mbaka inakuja, Lufilyo inakuja, na mpakani kule Songwe ikijaa haiulizi hili shamba la Mtanzania ama la Mmalawi. Safari hii yameingia hadi vyumbani kwa watu.

Sasa grupu letu la wasap la wafanyabiashara wadogo tukasema tuchangie. Nia nzuri kabisa. Jana nikapita kwa mama mmoja aliyejitolea kutunza vitu, sebule imejaa nguo hadi wanae wanapita kiubavu kwenda chumbani. Nikaanza kupekua. Makoti mazito ya baridi ya Mbeya. Viatu vya kisigino kirefu. Gauni la sendofu. Suti ya bwana harusi ya enzi zile mabega mapana. Nguo za ndani zilizovaliwa, jamani. Na soksi moja moja ambazo sijui mwenye nazo aliwaza nini. Kyela hii hii ambayo mwezi wa tatu usiku unalala dirisha wazi na shuka unaipiga teke, mtu unampelekea koti la manyoya?

Hoja yangu ni hii, msinipige mawe. Sisi wengi hatutoi msaada, tunafagia makabati afu tunajipongeza. Maji yakikaa kwenye nyumba ya tope siku mbili tatu kinachoenda ni ukuta, mpunga uliokuwa kwenye magunia, mbegu, jembe, sufuria, godoro, madaftari ya watoto, kuku. Nguo mtu kakimbia nayo mwilini na ya kubadili ndugu wa kitongoji cha juu atampa. Kwahiyo napendekeza tupige simu kwanza kwa watu wa kule waseme wenyewe wanataka nini, tuchange HELA kuliko vitu, na tusimalize zote wiki hii maana shida kubwa inakuja mwezi wa pili na wa tatu baada ya mafuriko wakati sisi tumeshasahau na tunabishana mambo ya Simba na Yanga.

Karibuni.

#2 Boda wa Mafiati

Mkuu hapo kwenye hela umechemka. Hela zinaliwa. Nguo angalau hata kama haifai mwenyekiti hawezi kuinywea bia

#3 Dada wa Kabwe

@Boda wa Mafiati 😂😂 anaiuza mnadani halafu anainywea hiyo bia, tofauti iko wapi

Ila mleta mada kaongea. Nimewahi kuuza mitumba nikwambie, belo la grade ya chini kulichambua ni kazi ya siku nzima na nusu yake ni matambara ya kupigia deki. Sasa pale kwenye maafa nani wa kuchambua? Ni hao hao waliofiwa na kubomokewa, unawaongezea kazi.

#4 Mtoro wa Ihungo

Mimi ni mtu wa Bukoba niko Makambako kikazi, niruhusuni niongee maana hili la hela tunalo moyoni.

Tetemeko la Kagera lilitupiga Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, ukubwa wa 5.9. Nchi nzima ilichanga, mabalozi walichanga, mabenki, wabunge, wasanii, kila mtu. Sisi huku kila mwenye ufa ukutani akawa anahesabu mabati kichwani. Januari 2017 Rais Magufuli akaja Bukoba akasema waziwazi serikali haitamjengea mtu mmoja mmoja nyumba, kazi ya serikali ni kurudisha vya umma, shule, zahanati, barabara. Watu waliumia sana, na waliochanga mikoani nao walihisi wamezungukwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, mi silaumu kwamba shule zilijengwa. Shule ya Ihungo ile ilianguka vibaya na leo imesimama upya, mimi mwenyewe nimesoma pale. Shida ni kwamba mchangaji alidhani anatoa bati la bibi kizee wa Hamugembe na mpokeaji alidhani anapokea fungu la madarasa. Hakuna aliyesema toka mwanzo. Kwahiyo nyie mkichanga, andikeni kabisa juu ya tangazo: hela hii ni ya kitu gani, ya kijiji gani, ikibaki itaenda wapi. Mtu akituma elfu tano awe ameshasoma. Hapo hata Boda wa Mafiati atapunguza presha.

#5 Boda wa Mafiati

@Mtoro wa Ihungo hapo nimekuelewa kaka. Presha imeshuka ila sijapona

#6 Mwalimu wa Ipinda

Wanajamvi salaam. Nawasoma nikiwa huku huku Kyela, shule yetu madarasa mawili yana watu wamelala. Mleta mada Ndaga fijo (asante sana) kwa kuuliza kwanza, wengi hawaulizi, wanatupigia simu wakiwa wameshafika Tukuyu na gari limejaa.

Niseme ukweli wangu na sitaki kumkwaza mtu. Kuna kikundi (sitataja kinatoka wapi) kilikuja na bango, kamera na unga. Wakapanga akina mama mstari juani, kila mama akabidhiwe kiroba apigwe picha anacheka. Anacheka nini? Mpunga wake ulikuwa unaanza kutoa mashuke wote umelala ndani ya maji. Kuna mama mmoja akakataa kupiga picha wakamruka. Kiroba chake alikuja kupewa jioni na mwenyekiti baada ya sisi walimu kupiga kelele.

Na kingine ambacho watu wa mjini hamkioni, waliolala shuleni ndio wanaoonekana kwahiyo ndio wanaopewa. Lakini wengi zaidi wamejibana kwa ndugu. Nyumba ya vyumba viwili ina familia tatu, na yule mwenyeji ambaye maji hayakumfikia ndiye anayelisha wote, akiba yake ya chakula inaisha na yeye hayumo kwenye orodha yoyote kwa sababu "hakuathirika". Huyo msipomfikiria baada ya wiki tatu mna waathirika wapya.

Mahitaji ya sasa hivi kama mnauliza: ndoo zenye mfuniko, madumu, dawa ya kutibu maji, sabuni ya mche, vyandarua (mbu wa huku mnawajua), maturubai ya maana sio yale mepesi ya gulioni yanayochanika upepo wa kwanza, sufuria kubwa, pedi na nguo za ndani MPYA za kike, khanga. Mikeka. Watoto wanahitaji madaftari na kalamu maana darasa la saba na kidato cha nne mtihani hausubiri maji yakauke. Chakula kipo kidogo, na sokoni Kyela mjini kipo cha kununua, wenye maduka hawakufurika. Ndio maana hela inafaa. Mkileta fuso la unga toka Mbeya mnamuua yule mfanyabiashara mdogo wa hapa ambaye ndiye atakayetukopesha mwezi ujao nyie mkiwa mmeondoka. Ingekuwa barabara imekatika ningesema leteni unga haraka, ila barabara inapitika.

Swala la orodha tumelifanya hivi: kila kitongoji kimeandika chake, halafu mkutano wa hadhara majina yakasomwa kwa sauti mbele ya watu wote. Kuna watu walijiandikisha nyumba haikuguswa hata na umande, majirani wakawazomea pale pale wakajifuta wenyewe. Hakuna ukaguzi unaozidi huo.

#7 Kijana wa Mwanjelwa

Samahani naomba niulize swali ambalo kila mtu analiogopa. Kwani hawa watu kwanini wasihame? Kila masika mafuriko, kila masika michango. Mi nimechoka kusema ukweli

#8 Mzee wa Isyesye

@Kijana wa Mwanjelwa mwanangu hujakosea kuuliza ila jibu lake lipo hapo hapo jijini. Tarehe 14 Aprili 2024 pale Itezi mlima Kawetere ulishuka na udongo ukafunika nyumba za watu. Wale hawakukaa bondeni, walikaa mlimani. Hanang, 3 Desemba 2023, maji na tope na magogo vilishuka toka mlimani vikapita katikati ya mji wa Katesh, walikufa zaidi ya 80. Nao wangehamia wapi? Ule msimu wa El Nino Waziri Mkuu alisema bungeni Aprili 2024 kwamba nchi nzima wamekufa watu 155 na walioathirika wanakaribia laki mbili. Rufiji, Morogoro, huku kwetu, kila mahali.

Afu mpunga wa Kyela unaoulipia bei juu ukisikia unanukia, unadhani unaota wapi? Udongo ule umeletwa na hayo hayo mafuriko. Mtu akihama na mpunga unahama. Kuna sehemu za kuhama kweli, waliojenga kingoni kabisa mwa mto mimi siwatetei, ila hilo ni la serikali kupima viwanja juu na kuwapa watu, sio la kumwambia mtu aliyelala darasani leo usiku.

#9 Kijana wa Mwanjelwa

Shikamoo mzee, nimekuelewa. Natuma elfu kumi

#10 Sista Mstaafu

Wanangu hamjambo. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, sasa napumzika Tukuyu nalima ndizi na kusoma majukwaa. Nimeona kwenye grupu lingine watu wanakusanya dawa zilizobaki nyumbani "ziwasaidie wa mafuriko". Naomba sana MSIFANYE HIVYO.

Amoksilini nusu dozi kwenye bahasha isiyoandikwa kitu, nani atampa mgonjwa? Ile ni takataka inayohitaji mtu wa kuichoma. Hii sio ya kwetu tu. Tetemeko la Armenia mwaka 1988 dunia ilimwaga kama tani 5,000 za dawa na vifaa, watu 50 wakakaa miezi sita wanapanga tu, kipi dawa kipi kimeharibika, wakati wagonjwa wapo. Ndipo Shirika la Afya Duniani likaja kutoa mwongozo mwaka 1996, kwamba dawa za msaada zitoke kwenye orodha inayohitajika na mpokeaji, ziwe na lebo ambayo wahudumu wa kule wanaielewa, na zikifika ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake. Kama una hela ya dawa muulize mganga mfawidhi wa zahanati ya pale amepungukiwa nini.

Na maziwa ya kopo ya watoto wachanga, nayo acheni. Najua mnaona huruma. Lakini kopo linahitaji maji safi, moto wa kuchemsha na chupa safi, vitu vitatu ambavyo kambini havipo, mtoto aliyekuwa ananyonya vizuri anaharishwa na msaada wenu. Mlisheni mama, mama atamlisha mtoto. Mtoto ambaye hana mama huyo aangaliwe na wahudumu wa afya, ana utaratibu wake.

Baada ya mafuriko adui ni kipindupindu. Vyoo vya shimo vimejaa maji, kilichokuwa chini kimekuja juu na visima vimeingiliwa. Kuna viwango vinavyotumika duniani kote kwenye maafa vinaitwa Sphere, vinasema mtu mmoja apate angalau lita 15 za maji kwa siku, kunywa na kupika na kuoga, na choo kimoja kisizidi watu 20. Mwalimu, hayo madarasa mawili yana watu wangapi na matundu mangapi? Piga hesabu uwaambie hawa watoto wa Mbeya wakuletee sementi na simtank badala ya makoti.

#11 Mwalimu wa Ipinda

Shikamoo mama. Vyoo vya wanafunzi ndivyo tunatumia, na foleni ya asubuhi inaanza kabla ya adhana. Nimeshawaambia kamati.

#12 Tandamu la Kasumulu

Mi ni dereva, kazi yangu barabara, niongezee kidogo ya upande wa mzigo. Machi 2023 kile kimbunga Freddy kilipoua watu kusini mwa Malawi, Blantyre na Mulanje na Phalombe, nchi yetu ilipeleka unga wa mahindi, mablanketi na mahema na helikopta za jeshi. Ilikuwa safi, mzigo wa aina moja kwa wingi, unashushwa unahesabiwa unaondoka.

Sasa linganisha na mizigo ya watu binafsi niliyowahi kubeba mimi kwenye maafa mengine. Mfuko mmoja una mchele, viatu, sabuni ya unga na daftari humo humo. Sabuni imepasuka ndani ya mchele. Unafika usiku, pa kushushia hakuna turubai, mvua inanyesha, hakuna vijana wa kushusha kwasababu hakuna aliyepangwa, unalala na mzigo kwenye gari. Kesho yake kila mtu anajichukulia.

Kama mnapeleka vitu, gari moja kitu kimoja au kila gunia kitu kimoja, andika juu kwa maka peni kubwa SABUNI, NDOO, DAFTARI. Karatasi ya hesabu nakala tatu, moja inabaki na nyie, moja ya dereva anasainiwa akifika, moja ya kamati. Na mtu wa kupokea ajulikane jina kabla injini haijawaka. Ndio hayo tu.

#13 Dada wa Kabwe

Kuhusu nani wa kupokea, kwa faida ya wanaodhani kamati ni kitu cha mtu kujitungia. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya 2022, inaweka kamati toka taifa, mkoa, wilaya iliyo chini ya DC (mkuu wa wilaya), hadi kata na kijiji ama mtaa. Kwahiyo kijijini mnaanza na mwenyekiti na mtendaji, na mnapeleka taarifa ofisi ya DC ili msije mkakutana watano mmepeleka ndoo kijiji kimoja wakati cha jirani hakijaona hata sabuni. Msalaba Mwekundu nao wana watu wao wa kujitolea mikoani, wale wanajua kuandikisha na wanajua kambi inaendeshwaje, tuwatumie.

Nasikia mtu anataka kusema "serikali itachelewesha". Kutoa taarifa sio kuomba ruhusa ya kuwa na huruma. Toa taarifa, endelea.

#14 Mtu wa Pawaga

Kamwene. Sisi wa Pawaga, Iringa, maji ya mto Ruaha Mdogo tunayajua, tuna mashamba ya mpunga kama hao wa Kyela kwahiyo nimekaa nasoma naumia.

Mleta mada ile ya mwezi wa pili na wa tatu ndio penyewe, irudie hata kwa herufi kubwa. Wiki ya kwanza kila mtu yupo, hadi wagombea wanakuja na maji ya chupa. Afu maji yanapungua, shule inataka madarasa yake, watu wanaambiwa warudi makwao. Makwao wapi, ni tope na mabati yaliyokunjika. Hapo sasa simu hazipokelewi. Wakulima wanakopa kwa wale matajiri wa mpunga, unachukua hela ya gunia leo kwa bei ya kutupa ukavune ulipe msimu ujao, na ukishaingia humo unatoka baada ya miaka. Nimeona watu wazima wamekuwa vibarua kwenye shamba lao wenyewe. Hilo ndilo linaloua kijiji, maji yenyewe huwa yanaondoka.

Kwahiyo akiba ya michango iwekwe kwa ajili ya mbegu, jembe na mabati. Ardhi ikianza kukauka ina unyevu mzuri sana, unaweza kupanda kitu cha haraka ukala kabla ya mwaka kugeuka.

#15 Bwana Shamba

@Mtu wa Pawaga sahihi kabisa ila tahadhari moja wakuu. Mtu wa Uyole asije akabeba mbegu ya mahindi UH 6303 akawapelekea watu wa Kyela kwa sababu huku inazaa vizuri. Ile ni ya nyanda za juu, inataka baridi na inakaa shambani muda mrefu. Kyela ni chini kabisa kwenye ziwa, joto. Wanataka mahindi ya muda mfupi ya ukanda wa chini, na viazi vitamu. Ukitoa mbegu isiyo ya pale umempa mtu kazi ya kulima miezi kadhaa halafu anavuna majani. Muulizeni afisa ugani wa hukohuko, wala sio mimi.

#16 Muuza Bati Soweto

Wakuu mabati geji 28 na 30 yapo, rangi zote, karibuni dukani tuongee bei ya msaada

#17 Boda wa Mafiati

@Muuza Bati Soweto mkuu hii ni fursa au msiba? 😂 Ila kama kweli bei ya msaada shusha hapa hapa hadharani kila mtu aione

#18 Muuza Bati Soweto

Bei ya kununulia nilivyotoa kiwandani naongeza usafiri tu. Risiti ya EFD natoa. Sitanii.

#19 Msafwa wa Uyole

Mrejesho wakuu. Jana usiku kwenye grupu kelele zilikuwa nyingi, wengine wameleft, ila tumefikia hapa.

Nguo zimechambuliwa upya na akina mama, zilizo nzima na nyepesi na za watoto zimebaki, nyingine Dada wa Kabwe kazichukua anaziuza gulioni na hela inarudi kwenye mfuko, kaonesha hesabu jana hiyo hiyo. Koti la manyoya limepata mteja, nasikia ni mtu wa Makete.

Hela tumegawa mafungu mawili. La kwanza linaondoka sasa: ndoo, vidonge vya kutibu maji (kile cha ndoo ya lita 20), sabuni, vyandarua, pedi, na mafundi wawili wa kuongeza vyoo pale shuleni, sementi tunanunua Kyela Kyela. Fungu la pili haliguswi hadi maji yakauke, ni la mbegu na mabati. Namba ya kuchangia imesajiliwa kwa jina la kikundi, watoaji saini ni watatu na mmoja wao ni Mtoro wa Ihungo, tumemchagua makusudi kwa sababu ana hasira. Kila Jumapili skrinshoti ya salio inawekwa humu.

Na wale wenyeji waliolaza ndugu, mwalimu, tumewaingiza. Tuletee orodha yao imesomwa mkutanoni kama ile nyingine.

Bango hatupeleki.

#20 Mtoro wa Ihungo

Nathibitisha saini. Na hasira ninayo.

#21 Mwalimu wa Ipinda

Poleni na kazi ndugu zangu. Orodha ya wenyeji itasomwa Alhamisi baada ya gulio maana ndio siku watu wanakusanyika.

Mafundi waje na buti, njia ya kutoka barabarani hadi shule bado ina maji ya magoti. Na Tandamu la Kasumulu kama ni wewe unakuja, gari kubwa liishie pale lami inapoishia, kuna kalavati limeanza kuliwa chini, tutaleta mkokoteni wa ng'ombe na vijana wa kidato cha tatu.

#22 Tandamu la Kasumulu

Poa mwalimu. Nakuja na kenta sio fuso. Mafuta mchange nyie, gari natoa bure. Tukutane viwanja vya Nane Nane saa kumi na moja alfajiri, atakayechelewa asinipigie simu. Nani anashika karatasi za hesabu?

#23 Dada wa Kabwe

Mimi. Nakala tatu zipo tayari.